Programu ya kupimia spika ikistaafu: jinsi ya kuokoa vipimo vyako

Programu nyingi tunazopimia spika hazina kampuni kubwa nyuma yake. Zina mtu. ARTA na ndugu zake wawili, LIMP na STEPS, ni kazi ya Ivo Mateljan, profesa wa Split, Kroatia. REW ni ya John Mulcahy. VituixCAD, ambayo wengi wetu tunachoria krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa, spika ya besi, na twita, spika ya sauti nyembamba), ni ya Kimmo Saunisto wa Finland. Mtu huzeeka, huchoka, huanza kutafuta nafasi ya kukaa na wajukuu, na siku moja huandika mistari michache: ahsanteni, nimefika mwisho, halitatoka toleo jingine. HOLMImpulse ya Denmark haijaguswa kwa miaka mingi. Speaker Workshop, iliyowafundisha kupima watu wengi ambao leo ndio wanaitwa wakongwe, ni ya zama za Windows 98. Hakuna aliyetapeliwa hapo. Mwenye kazi amepumzika tu.

Mimi natengeneza maboksi ya mziki Temeke: ya harusi, ya makanisa, na mara mojamoja horni za msikiti unaotaka adhana isikike bila kukwaruza. Mafundi wenzangu huniuliza swali moja, hasa wale waliojifunzia kwenye LIMP: mwenye programu aking'atuka, vipimo vyetu vya miaka yote vinakwenda wapi? Maelezo haya ni jibu langu kwao. Nitatolea mfano ARTA na LIMP kwa upande wa programu ya zamani, na REW kwa upande wa mpya, kwa sababu ndizo ninazoshika kila siku. Ukiwa na nyingine, njia ni ileile.

Kwanza usihangaike. Programu iliyostaafu haifi siku ya tangazo. Kesho yake itafunguka kama kawaida, na mwaka ujao pengine pia. Kinachoiua ni vya pembeni: laptop inaungua, kadi ya sauti mpya haina draiva ya Windows ile, namba ya leseni ilikuwa kwenye barua pepe uliyosahau nywila yake. Una muda, lakini hujui ni kiasi gani. Kwa hiyo anza na kisichoweza kutengenezwa tena, yaani vipimo. Spika uliyopima kabla haijaungua koili hutaipata tena upime upya.

Okoa wimbi, si mchoro

Nenda kwenye folda lako la kazi uone umehifadhi nini. Kwa mafundi wengi utakuta picha za skrini: mstari mwekundu, mstari wa bluu, jina la mteja pembeni. Picha ni nzuri ya kumwonyesha mteja. Kwa kazi ya fundi ni karibu na bure, kwa sababu huwezi kuifungua ukabadilisha chochote.

Kitu cha thamani ni mwitikio wa msukumo, yaani ile alama fupi inayoruka juu mwanzoni halafu inatetemeka mpaka inatulia. Kwenye ARTA umehifadhiwa kwenye faili zinazoishia na .pir. Humo ndani mna kila kitu: mstari wa masafa (nguvu ya sauti kwa kila masafa), fezi (mpishano wa mawimbi kwa muda), jinsi sauti inavyokufa, hata kelele ya ukuta wa jirani. Mchoro wa masafa ni jibu la swali moja tu uliloliuliza siku ile. Mwitikio wa msukumo unakuruhusu kuuliza swali jingine miaka kumi baadaye.

Nitakuonyesha kwa hesabu. Weka boksi juu ya stendi, twita ikiwa mita 1.2 kutoka sakafuni, maiki kwa urefu huohuo, umbali wa mita 1. Sauti ya moja kwa moja inatembea mita 1. Ile inayogonga sakafu kwanza inatembea mita 2.6: chukua nusu ya umbali, yaani 0.5, na urefu 1.2, kipeo cha pili, jumlisha, kipeuo ni 1.3, mara mbili. Tofauti ni mita 1.6. Hapa kwetu hewa ikiwa nyuzi 30, sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde, si zile 343 za vitabu vinavyoandikwa kwenye baridi. Gawanya: unapata milisekunde 4.6 hivi kabla mwangwi wa sakafu haujafika kwenye maiki. Ukikata hapo, una kipimo cha spika peke yake, bila chumba. Gharama yake ni kwamba chochote chini ya Hz 218 hivi hakiaminiki, maana dirisha, yaani kipande cha muda ulichobakiza, likiwa la milisekunde 4.6 haliwezi kuona chini ya hapo.

Sasa fikiria ulikata vibaya siku ile, au uliacha dirisha wazi kwa sababu mteja alikuwa mlangoni. Ukiwa na faili la msukumo, unafungua kwenye programu yoyote, unasogeza alama, kazi imekwisha. Ukiwa na picha, unaangalia mabonde na milima usijue lipi ni la spika na lipi ni la sakafu.

Basi fungua faili za .pir moja baada ya nyingine, toa kila moja kama WAV. Ni kazi ya kuchosha, ifanye ukiwa na redio. REW inafungua WAV hizo kama mwitikio wa msukumo, na ndivyo zinavyofanya programu nyingine nyingi. Angalia mambo mawili. Kasi ya sampuli, 44100 au 48000, iandike kwenye jina la faili. Na uhakikishe kama programu imesawazisha kiwango wakati wa kutoa, yaani imeinua kilele mpaka juu kabisa. Ikiwa imesawazisha, umbo la mstari litabaki sahihi lakini dB halisi zimepotea, kwa hiyo soma kiwango cha masafa fulani, Hz 1000 kwa mfano, kwenye programu ya zamani, ukiandike pembeni kabla hujafunga.

Baada ya WAV ndipo utoe FRD, ambalo ni faili la maandishi matupu: masafa, dB, fezi, safu tatu. Zima ulainishaji, yaani kuusawazisha mstari kwa wastani, kabla ya kutoa. Ukitoa mstari uliolainishwa kwa theluthi ya okteva, hakuna programu duniani itakayokurudishia meno uliyoyasaga. Kwa vipimo vya impidensi (ukinzani wa spika kwa kila masafa) vya LIMP, toa ZMA, safu tatu vilevile: masafa, omu, fezi. REW inazisoma aina zote mbili, na VituixCAD pia, na hata bila programu unaweza kuzifungua kwenye Notepad ukasoma kwa macho. Ndiyo maana nazipenda. Maandishi matupu hayastaafu.

Kuna mtego mmoja hapa ambao sijauona umeandikwa popote kwa ajili yetu. Laptop nyingi tunazotumia ni za mtumba, na nyingine zimetoka Ujerumani zikiwa na mipangilio ya kwao. Mjerumani anaandika desimali kwa mkato: 6,2 badala ya 6.2. Programu nyingine hufuata mipangilio ya Windows wakati wa kutoa faili, na ile inayopokea inasoma mkato kama mwisho wa safu. Utaona mstari wa ajabu unaorukaruka, au ujumbe wa kosa usioeleweka. Fungua faili lako la kwanza kwenye Notepad uangalie. Ukiona mikato ndani ya namba, badilisha mipangilio ya nchi kwenye Windows, kisha toa upya.

Majina ya faili na karatasi ya maelezo

Jina kama "spika mpya final 2" litakutesa. Mimi naandika hivi: wufa15_boksiA_1m_h120_48k.wav. Aina, boksi, umbali, urefu wa maiki, kasi ya sampuli. Mwaka utaonekana kwenye folda.

Ndani ya kila folda weka faili dogo la maandishi: volti ulizopeleka kwenye spika (2.83 V ndiyo desturi, sawa na wati 1 kwenye omu 8), amplifaya gani, maiki ipi na namba yake, kadi ya sauti gani, kama ulipima kwa chaneli moja au mbili, joto la chumba. La chaneli ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukipima kwa chaneli mbili, moja ikiwa ni ya rejea, muda unaobebwa na faili ni wa kweli, na fezi ya wufa na twita inaweza kulinganishwa. Ukipima kwa chaneli moja kwa USB, kila kipimo kinaweza kuwa na mwanzo wake. Ukija kuchora krosova kwa faili hizo bila kujua, boksi litakuwa na shimo pale wufa na twita zinapokutana, na utalaumu koili.

Pamoja na hayo, faili la urekebishaji la maiki. Maiki kama UMIK-1 ina faili lake kwa namba iliyoandikwa ubavuni, linapakuliwa kwa namba hiyo. Lipakue leo hata kama unalo, liweke sehemu tatu. Faili la maiki ya mwenzako halifai kwako hata kama zinafanana kama mapacha.

Kuitunza mashine ya zamani

Sitakaa sana hapa. Hifadhi faili la kusakinishia la programu yenyewe, si la njia ya mkato, pamoja na draiva ya kadi ya sauti unayotumia sasa. Hifadhi namba ya leseni kwa jina lilelile ulilonunulia, herufi kwa herufi. Kwa miaka mingi ARTA isiyo na leseni ilipima kila kitu, ila haikukuruhusu kuhifadhi, na fundi aliyepoteza namba alijikuta anarudi kwenye kupiga picha za skrini.

Kama diski ya laptop ni ile ya kuzunguka, hamishia kila kitu kwenye SSD sasa ingali inasomeka. Usiisasishe Windows ili "iwe salama": msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya kupimia haihitaji kuingia mtandaoni hata kidogo. Itoe kwenye Wi-Fi, peleka faili kwa flash uliyoisafisha kwanza.

Watu hupenda kusema utaendesha programu ya zamani ndani ya kompyuta ya kufikirika, ile Windows iliyo ndani ya Windows nyingine. Kwa kufungua faili za zamani na kuzitoa, sawa. Kwa kupima, mimi siifuati, kwa sababu sauti inapita kwenye tabaka nyingine za programu na muda unayumba.

Pima kitu kimoja kwa programu zote mbili

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza, na ndiyo wengi huiruka. Kabla hujahamia REW au nyingine yoyote, pima kitu kilekile kwa ya zamani na kwa mpya, kwa kadi ileile, maiki ileile, siku ileile. Usipofanya hivyo, mwezi ujao ukiona wufa ya mteja ina dB 2 pungufu, hutajua kama ni spika iliyochoka au ni programu.

Anza na kitu kisichobishana: risista. Chukua ya omu 10, ya asilimia 1, iunganishe mahali pa spika, upime impidensi. Programu zote mbili zinatakiwa kuonyesha mstari ulionyooka kwenye omu 10 na fezi sifuri, kutoka Hz 20 mpaka 20,000. Mstari ukipinda juu kabisa, ni waya au kadi. Ukiwa umenyooka lakini kwenye 10.6, risista yako ya rejea, ile ya kwenye saketi ya kupimia, si thamani uliyoiandika. Itoe, ipime kwa multimita nzuri, andika namba halisi. REW itakutaka ufanye urekebishaji wa hatua tatu: waya wazi, waya zikiwa zimegusishwa, kisha risista inayojulikana. Fanya zote tatu. Soma pia mchoro wa nyaya wa kila programu. Usichukulie kwamba chaneli ya rejea ya huku ndiyo ya kule.

Kisha wufa. Iache kwanza ipige kwa dakika kadhaa, kisha ilaze au iinamishe vilevile kwa programu zote mbili. Kilele cha resonansi, yaani masafa ambayo koni hutikisika kwa urahisi zaidi, kikitofautiana kwa Hz 1 au chini, usijali. Ikiwa tofauti ni Hz 5, basi moja inaisukuma kwa volti nyingi kuliko nyingine, kwa sababu ulegevu wa koni hubadilika na nguvu. Sawazisha volti, rudia.

Mwisho, masafa kwa maiki. Mimi hufanya hili baada ya swala ya isha, daladala zikipungua barabarani na mashine ya kusaga ya jirani ikizimwa. Feni izime. Bandika gundi ya karatasi sakafuni kwenye miguu ya stendi ya maiki, na usiiguse mpaka programu ya pili imalize. Ukisogeza maiki sentimita 3 tu, juu ya Hz 5,000 utaona tofauti ambayo haina uhusiano wowote na programu.

Sasa fungua mistari yote miwili mahali pamoja, toa mmoja kwenye mwingine, na uangalie umbo la kinachobaki. Umbo hilo linasema:

Likiwa mstari ulionyooka ila haupo kwenye sifuri, ni kiwango tu. Weka rejea sawa, endelea.

Likiwa laini huku juu lakini linazama au kupanda chini ya Hz 300, ni dirisha. Programu moja imekata mapema kuliko nyingine.

Likiwa na menomeno kila mahali, ulainishaji haufanani, mmoja ni 1/24 ya okteva, mwingine hauna.

Likifanana na mstari wa faili la maiki, programu moja haikulipakia, au imelitumia mara mbili. Hili hutokea kwa maiki za USB kuliko unavyodhani, kwa sababu faili linaweza kuwekwa kwenye mipangilio na tena kwenye kipimo.

Na fezi ikizunguka kwa kasi kadiri masafa yanavyopanda, wakati kwenye programu nyingine imetulia, ni muda. Ucheleweshaji wa milisekunde 1 unaongeza nyuzi 360 kwa kila Hz 1,000, na kwa joto letu milisekunde hiyo ni kama sentimita 35 za hewa. Gawanya, utajua ni umbali gani programu mpya haijauondoa.

Ukisharekebisha hayo, tofauti iliyobaki inatakiwa iwe chini ya dB 0.5 kwenye sehemu inayoaminika. Hifadhi vipimo hivyo viwili kama rejea, pamoja na risista na spika yenyewe. Ninayo wufa ndogo ya inchi 6.5 ambayo siiuzi kwa bei yoyote, kazi yake ni hiyo tu: kila kifaa kipya kikiingia karakana, inapimwa yenyewe kwanza.

Ukibaki na multimita na mizani

Vijana wananiuliza kama vigezo vya Thiele na Small, zile namba za spika tunazokadiria nazo boksi, vinaweza kupatikana bila LIMP. Vinaweza, na ni vizuri kujua, kwa sababu utagundua kama programu mpya inakudanganya. Uzito wa koni inayotembea, kwa mfano. Pima resonansi ya spika ikiwa haijawekwa boksini. Tuseme ni Hz 40. Chukua plastisini, ipime kwa mizani ya sonara, gramu 30, ibandike kuizunguka kofia ya katikati, kwa usawa pande zote. Pima tena. Tuseme resonansi imeshuka mpaka Hz 32. Gawanya 40 kwa 32, unapata 1.25, zidisha kwa yenyewe, 1.5625, toa 1, inabaki 0.5625. Gramu 30 gawanya kwa hiyo: koni ina gramu 53 hivi. Programu mpya ikikuambia 70 kwa spika hiyohiyo, rudi kwenye plastisini kabla hujaanza kubishana na mtu.

Resonansi isishuke kidogo mno. Ikishuka kwa Hz 2 tu, kosa dogo la kusoma linageuka kosa kubwa la gramu. Ongeza plastisini mpaka ishuke kwa robo hivi.

Kuhusu lini uhame: usihame katikati ya kazi. Boksi ulilolianza kwa ARTA limalize kwa ARTA, mpaka krosova ilehemiwe. Mteja mpya, folda jipya, programu mpya. Kwa muda utakuwa na mashine mbili mezani, ni sawa. Ile ya zamani itoe betri kama imevimba, ichomeke kwenye stabilaiza, na ubandike karatasi juu yake kwa maandishi makubwa: HAIINGII INTANETI, USISASISHE. Watoto na wageni wa karakana wanapenda sana kubofya "sasisha".